Sifuri za Paya

Kwa wiki tatu Felistus hakukalia kiti kikapata joto. Akiketi, anainuka. Akiinuka, anakwenda dirishani. Akifika dirishani anarudi mezani kulifunua daftari lile lile, ukurasa ule ule, utadhani takwimu zilizomo zitamwonea huruma zibadilike zenyewe. Chai inapoa. Simu inaita, anaitazama tu. Jacktone mumewe, wakala wa kutoa mizigo forodhani hapo Busia upande wa Kenya, mtu wa maneno mengi na usingizi mzito, alimvumilia hadi uvumilivu ukamwishia.

"Feli, hebu niambie ukweli wa Mungu," akasema asubuhi moja akifunga kamba za viatu. "Kati yangu na huo mto wa Uganda, ni nani aliyekutolea mahari?"

"Jacktone, si leo."

"Haya, kesho basi. Lakini ukae chini, mama. Hata mto wenyewe hupumzika kiangazi."

Felistus hakucheka. Angecheka vipi? Barua ya chuo ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji, aione kila akienda kuchukua maziwa. Mwisho wa kuwasilisha tasnifu ya uzamili ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, saa kumi na moja jioni. Saa hiyo ikipita, usajili unafutwa, na miaka minne ya kusomea jiografia inapotea hivi hivi. Nyongeza ya muda alikwisha kuomba mara mbili, mara ya kwanza alipojifungua, ya pili mamake alipougua. Ya tatu haikuwepo. Isitoshe, baba yake alikwisha kusimama kanisani, bila kutumwa na mtu, akawatangazia waumini kwamba bintiye, mwalimu Felistus, yu karibu kuwa bingwa wa mito. Watu walipiga makofi. Sasa makofi ya namna hiyo unayarudisha vipi?

Kazi yenyewe haina uganga, ingawa wasomi hupenda kuizungushia maneno. Unachukua nondo, vile vyuma vya kujengea, unazikata urefu wa mkono. Unazipigilia kwenye ukingo wa mto zikiwa zimelala, hadi kibaki nje kichwa kidogo tu. Felistus alivipaka vichwa hivyo rangi nyekundu, upana wa vidole viwili, apate kuviona kwa urahisi. Kisha kila mwezi unarudi na rula. Mto ukila udongo, nondo hujitokeza zaidi, na kile kilichojitokeza ndicho kipimo cha udongo ulioliwa. Basi. Mtoto wa darasa la sita anaelewa.

Alikuwa na vituo vitatu, vyote Uganda: Bulumbi, Molo na Paya. Bulumbi na Molo kingo zimefunikwa na mafunjo mazito. Paya watu walikwisha kufyeka kila kitu, udongo uko uchi. Kwa hiyo Felistus, kama mtu yeyote mwenye macho, alitegemea ukingo wa Paya uliwe kuliko yote. Hoja yake nzima ilisimama hapo. Na kikatokea nini? Bulumbi nondo zikajitokeza kidogo, Molo kidogo, Paya sifuri. Mwezi wa kwanza sifuri. Mvua kubwa zikaja, mto ukafurika ukanguruma, watu wakahamisha mbuzi. Akaenda kupima, sifuri. Miezi kumi na moja, nondo arobaini, na sifuri zimejipanga daftarini kama mayai.

"Data zako zimekukana, usigombane nazo," Dakta Jonan, msimamizi wake chuoni, alimwambia kwenye simu. "Andika kwamba udongo wa Paya ni mfinyanzi mgumu, unahimili. Watahini wanapenda matokeo ya kushangaza."

Akaandika. Sura ya nne ikasema ukingo wa Paya ni imara. Sura ya tano, kwenye mapendekezo, ikasema eneo hilo linafaa kwa makazi ya kudumu. Maneno yalipendeza, marejeo yalikuwa mazito, na bado roho ilimkataa. Mbona ile njia ya kutoka nyumbani kwa Mama Loy hadi mtoni ilikuwa inamwisha haraka siku hizi? Alijaribu kupima mahali pale kwa ramani ya simu, lakini simu yake hukosea mita tano huku na tano kule, akaiacha. Akajiambia ni uchovu. Mtu na masomo yake yote! Aliliamini daftari, akayakana macho yake mwenyewe.

Huyo Mama Loy ndiye mwenye shamba la Paya. Ni mjane wa Kiadhola, mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya kulima. Mumewe marehemu Ofumbi amezikwa hapo hapo uani, chini ya saruji iliyopigwa chokaa, kati ya nyumba na mto. Kila Felistus alipokuja kupima alipewa karanga za kubeba, na Krismasi alipewa jogoo mzima, mwekundu, mwenye kelele, aliyewasumbua maafisa wa mpaka hadi wakamruhusu avuke ilimradi awaondokee. Na kila mara Felistus aliuliza, "Mto vipi, mama?"

"Imetulia, mwalimu. Tangu umekuja, imetulia. Mungu akubariki sana."

Felistus alidhani ni adabu tu za wenyeji.

Siku yake ya kupima ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi, haikuwahi kubadilika. Kipimo cha kumi na mbili, cha mwisho kabisa, kilikuwa kinamngoja Jumatatu. Lakini Jumamosi kabla ya hapo alijikuta amevaa gambuti asubuhi na mapema, amevuka mpaka, yuko kwenye barabara ya Tororo, bila kupiga simu wala kuaga. Kukaa kulimshinda, basi.

Alipofika Paya hakumkuta mtu nyumbani. Mlango wazi, kuku uani, sufuria jikoni inatokota. Akashuka kuelekea mtoni. Hapo ndipo alipousikia mlio: ko! ko! ko! Jiwe kwenye chuma. Wa skrapu! Wezi wa vyuma wamezivamia nondo zake, wiki ya mwisho, siku mbili kabla ya kipimo cha mwisho! Akaacha kutembea, akatimua mbio, matope yanamrukia hadi mgongoni.

Hakukuwa na mwizi. Alikuwa ni Mama Loy, amefunga leso kiunoni, miguu yote miwili majini, jiwe mkononi, anaimba wimbo wa kanisani na kugonga nondo taratibu. Aligonga, akainama kuangalia, akagonga tena kidogo, akasogea kwenye nondo inayofuata.

"Mama! Unafanya nini?" Felistus alipiga kelele kwa sauti ile anayotumia darasani, ile ya kumkamata mtu na kikaratasi cha majibu.

Mama Loy aligeuka, uso wote ukacheka. "Eh, mwalimu! Leo umekuja Jumamosi? Ngoja namaliza hii tatu, halafu tunakwenda kula."

"Nakuuliza unafanya nini na nondo zangu!"

"Si narudisha? Hii maji ya juzi imetoa yote inje. Lakini usiogope. Sijaacha hata moja."

Felistus akahisi masikio yanamziba. "Unarudisha... tangu lini?"

"Tangu ile mwezi uliweka. Kila Jumamosi, bambi, maskini mimi, hata ile Jumamosi nilikuwa na malaria. Wewe si uliacha rangi nyekundu inje, vidole mbili? Mimi napiga mpaka kwa rangi, nasimama. Sipitishi." Akamwonyesha nondo aliyotoka kuigonga. Rangi nyekundu ilikuwa nje, vidole viwili barabara, kazi safi kuliko hata ya Felistus mwenyewe.

Hapo Felistus aliketi. Aliketi kwenye matope, na suruali yake ya kijivu, na daftari lake. Wiki tatu viti vya Busia vimeshindwa naye, matope ya Paya yakamweza.

"Na zile zinazoanguka majini?" akauliza.

"Naingia natoa. Napanda tena pale ukingo imefika. Moja ilinipeleka mpaka maji ya kifua, Owor akanivuta na kamba ya ng'ombe. Alinitukana siku nzima, huyo shemeji yangu. Nikamwambia, chuma ya mwalimu haiwezi kupotea kwangu."

"Mara ngapi, mama? Kila nondo umeipiga mara ngapi? Ilikuwa imetoka kiasi gani? Hukuandika? Hukuweka hata alama?"

"Sasa hiyo nakumbuka namna gani?" Mama Loy akashangaa kweli. "Wewe unahesabu mara umefagia nyumba?"

Ndugu yangu, hasira ina njia zake. Felistus alijua kabisa mtu huyu hakumkosea, na bado aliinuka akafoka. Alifoka kuhusu mwaka mzima, kuhusu chuo, kuhusu Ijumaa, kuhusu maagizo. Alisema, "Nilikuambia visiguswe! Nilikuambia mtu yeyote asiguse!"

"Ulisema watu wasiguse," Mama Loy akajibu, na kicheko kilikuwa kimeondoka usoni. "Mimi ni watu? Mimi ni mwenye nyumba. Uliniambia, mama, nitunzie. Nimetunza."

"Umeniua, mama. Umeniua kabisa."

"Nimekuua namna gani? Chuma iko. Hesabu."

"Si chuma ninachohesabu! Ni ile inayotoka! Ikitoka ndiyo najua mto umekula kiasi gani. Wewe ukiirudisha mimi naona sifuri. Hivi vyuma ni vya kupimia tu, mama. Vya kupimia!"

Maneno yalipomtoka ndipo alipouona uso wa Mama Loy, na hasira yote ikamwishia palepale. Yule mama alikuwa amelishika jiwe lake kifuani kwa mikono miwili.

"Haishiki?" akauliza.

"Haishiki nini, mama?"

"Udongo. Chuma haishiki udongo? Haizuii mto?"

"Haizuii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Maji yalikuwa yanapita, meusi, na kipande cha udongo ukubwa wa kreti ya soda kikajimomonyoka mbele yao kikaingia mtoni. Mama Loy alikitazama hadi kikayeyuka.

"Kwa hivyo mwaka nzima," akasema polepole, "ulikuwa unakuja kuangalia vile mto inanikula. Unaangalia, unaandika, unakwenda."

Felistus akapangusa tope kwenye daftari lake.

"Wewe ulinisomea karatasi. Nikaweka sahihi. Karatasi ilisema utafiti hii itaokoa kingo za mto. Ilisema ama haikusema?"

Ilisema. Fomu ya ridhaa, sehemu ya mwisho, Faida za Utafiti: "Utafiti huu utasaidia kuokoa kingo za mto na makazi ya jamii." Felistus hakuitunga hata yeye. Aliinakili kwenye fomu ya mwanafunzi mwingine, ambaye naye pengine aliinakili kwa mwingine, maana kamati ya maadili haipitishi fomu isiyo na faida. Aliisoma mbiombio jua likizama, akatoa kalamu. Kila mtafiti huisoma hivyo. Ila Mama Loy aliisikiliza neno kwa neno, na ikawa ndiyo sentensi pekee aliyokwenda nayo nyumbani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji alisubiri kupona mwaka mzima.

"Na jogoo nilikupa ya nini?" Mama Loy akauliza. "Ulifikiri nakupa jogoo kwa sababu unaandika?"

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Mwezi wa tatu Owor aliniita kwake juu, kwa shamba yake ile inapanda. Aliniambia Loy, hama, leta nyumba, tutoe hata kaburi ya ndugu yangu tulete huku. Mimi nikakataa. Mbele ya watu! Nikasema mimi niko na mwalimu wangu wa mto, ameweka chuma. Watu wakanyamaza kwa sababu mwalimu ni mwalimu." Akaliweka jiwe chini, juu ya nyasi, kwa adabu kabisa. "Rudi kwenu sasa. Chakula iko, lakini leo sitakula na wewe."

Felistus alipanda hadi barabarani kwa miguu. Alilia njiani waziwazi, watu wakamsalimia na akaitikia huku akilia. Kilichomuuma zaidi hata hakukijua ni kipi, tasnifu au lile jiwe lililowekwa chini kwa adabu. Akampigia Dakta Jonan papo hapo, akamweleza yote bila kuficha.

Dakta Jonan akashusha sauti. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na yeye."

"Mtandao wako mbaya, Felistus. Sijasikia ulichosema. Ninachojua ni kwamba Ijumaa saa kumi na moja mfumo unafungwa, na wewe una sura tano zilizokamilika. Mtahini hataenda Paya kushika matope. Umenielewa?"

Alimwelewa. Ole wetu, alimwelewa vizuri sana. Jumatatu hakwenda kupima. Alikaa mezani kwake Busia, au tuseme alizunguka meza, kisha akainama akaandika sifuri arobaini za mwezi wa kumi na mbili kwa mkono wake mwenyewe. Sifuri za mwanzo alidanganywa nazo. Hizi alizitengeneza. Jumanne akasahihisha marejeo. Jumatano akaota anagonga nondo, akaamka mkono unamuuma. Alhamisi akasoma sura ya tano kwa sauti, na alipofika kwenye "makazi ya kudumu" akajikuta yuko nje anaanua nguo ambazo hazijakauka.

"Bonyeza, ulale," Jacktone akamwambia Ijumaa mchana. Alikuwa amerudi nyumbani makusudi, na soda mbili za kusherehekea. "Mambo ya vyuo ndivyo yalivyo. Unafikiri makontena ninayotoa mimi kila siku yana vile vilivyoandikwa kwenye karatasi?"

Faili lilikuwa tayari kwenye kompyuta. Saa ilikuwa saba na nusu. Kilichobaki ni kubonyeza mara moja, na kazi ya miaka minne ifike. Felistus akaweka kidole. Simu ikalia.

"Mwalimu." Ilikuwa sauti ya Mama Loy, kavu, bila salamu. "Nimekwenda kwa Owor nimepiga magoti. Ile shamba ya mwezi wa tatu ameuza nusu. Imebaki kipande. Fundi anakuja kesho asubuhi. Wewe njoo leo, unipimie mahali naweka nyumba, na mahali naweka Ofumbi. Mahali mto haitafika. Si kupima ndio kazi yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kuja."

Felistus akakata simu, akainuka, akaanza kutafuta futi yake ya mita hamsini. Jacktone akamtazama mdomo wazi.

"Unakwenda wapi? Bonyeza kwanza! Sekunde mbili, Feli, halafu uende hata Kampala ukitaka!"

"Nikibonyeza, nimeandika kwamba pale pako salama. Nimeweka jina langu. Halafu niende nikamwambie mama wa watu hapako salama, hama, fukua mume wako? Kwa mdomo gani, Jacktone?"

"Na baba yako? Na kanisa zima?"

"Nitawaambia nimeshindwa."

"Miaka minne!"

"Ndiyo, miaka minne! Unafikiri siijui? Unafikiri hainiumi?" Alikuwa anapiga kelele, na futi ikamponyoka mara mbili. Akaifunga kompyuta bila kubonyeza. Jacktone alisimama na soda zake, na baadaye kidogo akatoka akamsimamishia boda.

Alifika Paya baada ya saa tisa na nusu. Mama Loy alikuwa anamngoja kwenye mwanzo wa kipande cha Owor, mahali ambapo shamba lake linakomea na mwinuko unaanza. Owor mwenyewe alikuwepo, mzee mfupi mwenye kofia ya sufi, amekunja mikono. Kile kipande kilikuwa chembamba, upana wa nyumba mbili, kinapanda kuelekea kwa majirani. Kutoka hapo mto ulionekana wote, umejikunja, unang'aa.

Mama Loy hakumwuliza habari za safari. Alichukua ncha ya futi, akaikaza. "Haya. Nyumba hii nataka wajukuu wangu wafie ndani yake kwa uzee. Niambie ni wapi."

Ni swali la haki, na ni swali jepesi. Jiografia ina jibu lake. Unachukua kiasi ambacho mto unakula kwa mwaka mmoja, unazidisha kwa miaka unayotaka kuishi, unaongeza kidogo kwa ajili ya mafuriko, unapima, unasimika kigingi. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Felistus akafungua daftari kutafuta ile nambari ya kwanza, na palikuwa na sifuri, sifuri, sifuri, kurasa kumi na mbili. Nambari yenyewe ilikuwa imepigiliwa ukingoni kwa jiwe, Jumamosi baada ya Jumamosi.

"Mwaka huu umepoteza mistari mingapi ya mihogo, mama?" akauliza.

"Tano."

"Tatu," Owor akadakia. "Mbili ilikuwa ya mwaka jana."

"Owor, mihogo ilikuwa ya nani?"

"Na ng'ombe aliyekula mihogo alikuwa wa nani? Najua mimi, ni tatu!"

Wakabishana kwa Kiadhola, na Felistus akawa anapiga hesabu kichwani. Ikiwa mita mbili kwa mwaka, nyumba ingeweza kukaa hapa waliposimama. Ikiwa nne, hapana. Ikiwa sita, na mvua za siku hizi hazina adabu, hata kule juu kwenye kichuguu pangeliwa. Alikuwa na mita mbili, alikuwa na sita, alikuwa na yote na hakuwa na lolote.

"Hapa?" Mama Loy akauliza.

"Mbele kidogo, mama."

Wakapanda. Hatua ishirini. Mama Loy akasimama, akakanyaga udongo kwa kisigino kuona ugumu wake.

"Hapa?"

Felistus akageuka kuutazama mto. Kutoka hapa ulionekana mpole, na hilo ndilo lililomtisha. "Mbele, mama. Tusogee mbele."

Wakapita kichuguu. Wakapita mti wa mparachichi. Simu ya Felistus ikaanza kulia mfukoni. Akaichungulia, Dakta Jonan, saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Akairudisha mfukoni ikaendelea kulia humo. Ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza kabisa.

"Hapa panatosha," Owor akasema akihema. "Mwalimu, ama unataka tumjengee Tororo mjini?"

"Nyamaza," Mama Loy akasema. "Huyu nimemwita anipimie, mwache apime." Akamgeukia Felistus. Macho yake hayakuwa na hasira tena. Yalikuwa yanamwamini, yale yale ya mwaka jana siku ya fomu, na Felistus akatamani hasira irudi. "Hapa?"

"Mbele kidogo."

"Wewe unajua, ama hujui?"

"Sijui, mama." Machozi yakamjia. "Naogopa kukwambia hapa."

Mama Loy akalegeza futi, akaivuta tena, akaanza kupanda mbele yake, hatua ndefu za mtu anayelima tangu utotoni. Alitembea hadi magoti yake yakagusa mimea ya mpaka. Ng'ambo ya mimea hiyo kulikuwa na matuta mapya ya viazi, ya yule aliyenunua nusu ya shamba.

Akasimama pale, futi imekazwa mkononi, akageuka.

"Hapa?"

Felistus akatazama mto nyuma yake, akatazama matuta ya watu mbele. Shamba lilikuwa limekwisha, naye alikuwa bado hajapata pa kusema ndiyo.